Trakta isiuzwe mitraye juu ya valvu moja

Bwana Mhariri,

Jambo sana kwako na kwa wote wanaotengeneza gazeti letu. Naomba fasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, juu niko na kitu kinaniuma roho tangu mwisho wa mwezi wa 8 na nikiendelea kunyamaza nitagonjwa.

Jirani yangu wa shamba, huku njia ya Kasenga, Lubumbashi, aliuza trakta yake mitraye, sawa chuma chakavu. Ile trakta naijua vizuri sana, nilishaiazima mara mbili wakati yangu ilikuwa na shida. Motere yake ilikuwa inawaka mara moja asubuhi, haina moshi mweusi, haidroliki inanyanyua sharu ya kulimia bila kutetemeka. Ugonjwa wake ulikuwa moja tu, pine ya nyuma ya kushoto ilikuwa chini miezi saba, mafundi wawili walipita, wa kwanza akasema valvu imeoza, wa pili akasema shambre, ule mupira wa ndani, ya ile saizi haipatikani mjini na janti, ile chuma ya gurudumu, nayo imeshakuliwa, basi afazali auze mbele vijana wa usiku hawajaanza kuifungua kipande kwa kipande. Wanunuzi wa mitraye wakakuja na chupa zao za gazi wakaikata pale pale shambani, wakapima kwa kilo. Mashine inayolima hekta nyingi kila mwaka, inayolisha familia sijui ngapi, imepimwa kwa kilo sawa misumari. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba langu nikaona wanapakia lile gurudumu kwenye kamyo, na ile valvu bado imetokeza kwenye janti, imejaa unga mweupe na kijani sawa ukungu wa mkate. Kipande cha shaba kisichofika urefu wa kidole.

Nilirudi nyumbani nikalia, nasema kweli. Juu mimi mwenyewe trakta yangu ilipita mule mule, na leo inalima.

Yangu ni Massey Ferguson 135, motere Perkins ya pistoni tatu, ile aina ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964 na mpaka leo unaikuta inalima kila fasi. Mimi niliinunua ikiwa imeshazeeka, iliingia na kontena kutoka Ulaya, mwenye kuniuzia alinionyesha motere, akanionyesha gia, akanionyesha vitabu, lakini kwenye mapine alipiga tu teke moja akasema "Mama, haya bado mazima." Hakuniambia mule ndani mulikuwa nini, na mimi sikujua kuuliza, nani anauliza kama ndani ya pine muko kitu kingine zaidi ya upepo?

Mwaka wa pili njo nikaanza kuona tone. Chini ya valvu ya gurudumu la kuume kulikuwa mustari wa kutu unateremka kwenye janti sawa mutu aliyelia bila kufuta uso. Nikapangusa, kesho yake umerudi. Tulikuwa mwezi wa 7, kiangazi kikali, vitu vyote vimekauka mpaka majani yanavunjika mkononi, lakini ile fasi ya janti ilikuwa inakaa na unyevu mchana na usiku. Nikashika kwa vidole, nikasikia utelezi sawa wa sabuni, kisha bila kufikiri nikajipangusa mudomo, chumvi, chumvi yenye uchungu inayokaa kwenye ulimi. Na pale trakta inapolala, chini ya lile gurudumu, majani yalikufa, duara la udongo mtupu ukubwa wa sahani ya kupepeta.

Nikamwita mutoto wa kwado, yule anakaa kwenye kona yetu na kompresere yake na pine moja imesimamishwa kando ya barabara kama alama. Akaangalia, akasema, "Mama, hii haiko mayi ya kawaida." Nikamuuliza sasa ni nini, akasema hajui, lakini wacha afungue. Na hapa njo tulikosea wote wawili, naandika kusudi mwengine asikosee. Valvu ilikuwa chini, karibu na udongo. Bushoni, kile kifuniko cha valvu, ilikuwa imeshikana nayo, imekuwa kitu kimoja, yeye akashika pensi akazungusha kwa nguvu, na kichwa muzima cha valvu kikavunjika kikabaki ndani ya pensi. Mayi yakaruka sawa bomba ya REGIDESO iliyopasuka, yakamuingia kwenye jicho. Tukamwosha jicho na mayi ya kisima, ndoo kwa ndoo, muda murefu, mpaka mutoto akaweza kufungua jicho bila kulia. Ile mayi inachoma, haiko ya kuchezea, na tangu ile siku mtu akigusa gurudumu kwangu avae miwani, hata ya jua.

Kile kichwa cha valvu nilikiweka mfukoni, jioni nikakipeleka kwa muzee mumoja jirani yetu mjini, alikuwa ajistere, fundi wa vyuma, kwenye atelie za Gécamines, kampuni ya migodi, sasa yuko pansioni. Akavaa miwani yake akakigeuza kwenye mwanga wa mulango. Nje kilikuwa kijani, lakini pale kilipovunjika kilikuwa chekundu, chekundu kabisa sawa uzi wa umeme, na kina vitundu vidogo vidogo, ukikikwaruza na ukucha kinatoka unga. Akaniambia, "Mama, angalia. Valvu inatengenezwa na shaba ya njano. Shaba ya njano ni mukuba, ile shaba nyekundu, na zinki. Chumvi imekula zinki yote, imeacha mukuba peke yake, na mukuba uliobaki vile haushikilii kitu, ni sifongo." Bwana Mhariri, mimi ni mutoto wa hapa, nimekua chini ya ile shimine kubwa, mukuba naujua tangu nikiwa mutoto, na zinki ilikuwa inatoka hapa karibu, Kipushi, ule mgodi uliosimama mwaka 1993 ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Lakini sikuwa nimewahi kuona mukuba na zinki vinaachana mbele ya macho yangu, ndani ya kitu kidogo cha gurudumu langu.

Yeye njo alinifundisha ile chumvi ni nini. Ni kloridi ya kalsiamu. Wazungu kwao wanajaza mayi ndani ya pine za nyuma za trakta kusudi iwe nzito, isiteleze wakati wa kuvuta sharu, hiyo ni akili nzuri sana na hata hapa inafaa. Lakini kwao baridi ni ya barafu, mayi matupu yanaganda kwenye digrii sifuri na barafu ndani ya pine inaharibu kila kitu, basi wanachanganya ile chumvi, mayi yanakuwa hayagandi hata baridi ipite digrii 40 chini ya sifuri. Tena yanaongezeka uzito, lita moja ya mayi matupu ni kilo moja, lita moja ya mayi ya ile chumvi inakaribia kilo 1.3. Ila ile chumvi ina tabia mbaya mbili. Ya kwanza inavuta unyevu wa hewa, njo maana tone langu halikukauka hata kiangazi. Ya pili, ikivuja kidogo tu inaanza kula chuma, na pale valvu ya shaba inagusana na janti ya chuma ndani ya mayi ya chumvi inakuwa sawa batri, mmoja anakula mwenzake, wale waliofanya kazi kwenye elektrolizi ya mukuba, kiwandani pale Shituru, watanielewa haraka kuliko mimi ninavyoeleza.

Sasa nauliza, hapa Lubumbashi barafu iko wapi? Tunajua baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, tunavaa makoti, tunaota moto asubuhi, lakini ndoo ya mayi ukiilaza nje huikuti imekuwa jiwe. Tunabeba ndani ya mapine yetu dawa ya ugonjwa ambao hatuna, na ile dawa njo inatuua trakta. Trakta ngapi ziliingia hapa kwetu kutoka Ulaya zikiwa na ile chumvi ndani, mwenye kuuza hakusema, mwenye kununua hakuuliza, kisha kidogo kidogo valvu inaoza, janti inaoza, mutu anaambiwa shambre hakuna, na kamyo ya mitraye inakuja.

Njo naomba unipe nafasi nieleze tulivyofanya, kwa sababu haikuhitaji mashine ya ajabu wala fundi wa kutoka mbali.

Kitu cha kwanza kabisa, mbele ya kugusa valvu yoyote ya trakta ya zamani, weka mawe au mbao mbele na nyuma ya yale magurudumu mengine, piga kriki chini ya ekseli, panga mbao nene chini, kriki peke yake usiiamini hata dakika moja, kisha zungusha gurudumu mpaka valvu ifike juu kabisa, sawa mshale wa saa 6 mchana. Pine haijazwi mayi yote, inajazwa robo tatu, na ile robo tatu inaishia pale pale kwenye usawa wa valvu ikiwa juu. Kwa hiyo valvu ikiwa juu unafungua unapata upepo tu, mayi yanabaki chini yametulia. Kama tungejua hivyo ile siku, mutoto wa kwado asingepata mayi kwenye jicho.

Pili, usiwe na haraka. Bushoni ikishikana usiivunje. Paka mazuti (dizeli) iliyochanganywa na mafuta mepesi ya mashine, funika na kitambaa kilicholowa, acha ilale usiku moja, kesho gonga polepole pembeni na nyundo ndogo, paka tena. Kwa gurudumu la pili njo tulifanya vile, siku mbili nzima, siku ya tatu bushoni ilizunguka kwa vidole.

Tatu, na hii njo inaokoa pesa, ile valvu ya trakta yenye kupitisha mayi haiko kipande kimoja. Wengi hawajui, mafundi wetu wengi pia, wanaona tu kitu kimoja kimeoza wanasema shambre imekufa. Chini kabisa kuko kitako cha shaba ambacho kimeshikamana na mupira wa shambre. Juu yake kuko kipande kinene kinachofunguka na kle. Na ndani ya kile kipande muko ile sindano ndogo yenye resori inayofunga upepo. Sindano ni ile ile ya gari, ya kamyo, ya pikipiki, ile aina ya Schrader ambayo ilianza New York mwaka 1891, unaipata kwa kila mutu wa kwado hapa mjini. Sindano ikiharibika unabadilisha sindano. Kipande cha juu kikioza, unabadilisha kipande cha juu. Ukienda kununua usiseme tu "valvu ya trakta," watakupa ya kamyo, uliza ile yenye namba TR218A, imeandikwa kwenye shaba yenyewe ukiipangusa vizuri, na tundu lake kwenye janti ni kama milimita 16. Mimi niliitafuta hapa mjini wiki mbili, mwishoni kijana mmoja anayevuka Kasumbalesa kila wiki akaniletea tatu kutoka upande wa Zambia. Moja niliifunga, mbili ziko kwenye kopo la gresi ndani ya nyumba mpaka leo.

Kama nyuzi za valvu zimeliwa kidogo tu, kuko kifaa kidogo chenye mikono minne sawa musalaba, mukono moja unatoa sindano iliyovunjika, mwengine unasafisha nyuzi za ndani, mwengine za nje. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Kila kwado mwenye kuheshimu kazi yake angekuwa nacho, na cha muzee wangu kilikuwa na umri wa miaka mingi kuliko mutoto wa kwado.

Kwangu lakini kitako chenyewe kilikuwa kimeshakufa, ule wekundu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye mupira. Ikabidi kufungua pine. Na hapa tena watu wanaogopa bure, wanafikiri lazima kushusha gurudumu zima ambalo na mayi yake watu wanne hawalinyanyui. Haiko lazima. Tulitoa mayi kwanza, tukazungusha valvu chini, tukaweka beseni na pipa, yakatoka zaidi ya lita 150, pine yangu ni saizi 12.4-28. Ile mayi usiimwage shambani, majani yatakufa sawa lile duara langu, wala karibu na kisima. Sisi tuliimwaga kidogo kidogo kwenye kinjia chetu cha udongo, mbali na kisima, na kwa sababu inavuta unyevu ilishika vumbi muda mrefu, watoto wakawa wanapita miguu haijai vumbi jekundu.

Kisha tukavunja upande wa nje tu wa pine, ule mudomo uliogandana na janti. Walitandika mbao nene chini, wakasukuma na levye tatu, mayi ya sabuni, wanaume wawili jasho linatiririka kutoka saa mbili asubuhi mpaka karibu saa sita. Ulipoachia ulitoa mlio sawa mutu anayeshusha muzigo. Ukishaachia upande moja unaweza kuingiza mukono na kuvuta shambre nje, gurudumu limebaki kwenye trakta yake.

Ndani ya janti tulikuta kutu ya kupakua na mukono. Mabamba kwa mabamba. Tundu la valvu lilikuwa limepanuka, upande moja umebaki mwembamba sawa kipande cha kopo. Mutoto wa kwado akasema tuite mutu wa sudire, wa kuunga chuma kwa moto, apige pale pale haraka. Hapana, na hii nataka uiandike kwa herufi kubwa kama inawezekana: USIPIGE SUDIRE KWENYE JANTI AMBAYO PINE IKO JUU YAKE, hata kama upepo umetoka wote, hata kama valvu iko wazi. Mupira ukipata moto mkali unatoa gazi, ile gazi inajifunga ndani, na pine ya trakta ikipasuka inaua. Tulishusha pine yote kwa ile kazi, tukapeleka janti mjini, wakakata sehemu mbovu wakaweka kibamba kipya chenye tundu la sawasawa, wakalainisha kusudi kisikwaruze shambre. Sisi tukasugua na brosi ya chuma mpaka chuma ikang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, tukaacha ikauke siku mbili kwenye jua.

Shambre sasa. Mpya haikupatikana, ni kweli, jirani yangu hakudanganywa kwa hilo. Lakini mutoto wa kwado, na hapa namsifu kwa moyo wote, alisema, "Mama, niachie mimi." Akatafuta shambre ya zamani iliyokufa ambayo valvu yake ilikuwa bado nzima, akakata valvu na mupira wake kuizunguka, duara pana sawa kiganja na vidole. Akakata ile yetu mbovu. Akasugua pande zote mbili mpaka mupira ukawa na manyoya, akaweka mupira mubichi katikati, akakaza na chuma, kisha akachukua pistoni ya zamani ya kamyo, akaikalisha juu, akatia esansi kidogo ndani yake akawasha moto. Tulikaa chini pale tunaangalia ule moto mudogo unawaka ndani ya pistoni, yeye anahesabu kwa kuangalia rangi ya mupira unaotoka pembeni, hana saa, hana kipimo cha joto. Ulipozima akaacha ipoe yenyewe, hakumwagia mayi. Akajaza upepo akazamisha kwenye pipa. Hakuna hata povu moja. Imeshalima misimu miwili ya mvua, Bwana Mhariri. Kwenye gari inayokimbia nisingeikubali, lakini trakta inatembea polepole na upepo wake ni mudogo, pale inaweza.

Tuliiosha shambre ndani mara tatu na mayi safi kutoa chumvi iliyobaki, tukairudisha, tukaweka mayi matupu ya kisima, valvu ikiwa juu, mpaka yakaanza kutoka yenyewe, basi hapo njo robo tatu. Kuhusu uzito, kwa kuacha ile chumvi nilipoteza pungufu ya mfuko mmoja wa simenti kwa lile gurudumu, na sharu sikusikia tofauti. Kama mutu anataka ule uzito, afunge vyuma kwenye janti. Kisha upepo, na hapa naomba watu wa kwado wanisikilize, pine ya nyuma ya trakta inataka karibu bari moja tu, hata chini ya hapo kidogo, fuata kitabu cha trakta yako. Usipige tatu sawa unajazia kamyo. Na wakati wa kukalisha mudomo wa pine kwenye janti usipite bari 2.4, na usisimame mbele yake, simama pembeni. Bushoni iwe ya chuma yenye kamupira ndani, uipake gresi kwenye nyuzi, uifungue mara moja kila mwanzo wa mvua hata kama hauna kazi nayo, kusudi isishikane tena.

Ukitoa zile wiki mbili za kutafuta valvu, kazi yote ilichukua siku tisa, tukihesabu na siku za kungojea rangi na sudire. Siku tisa, na jirani yangu alingojea miezi saba kisha akauza. Simlaumu hata kidogo. Mutu akiambiwa na mafundi wawili kama kitu kimekufa, ataamini nani? Namlaumu aliyemuuzia ile trakta bila kumwambia mule ndani muko chumvi, kama vile yule wangu hakuniambia.

Tunajua wote vile tunaishi. Mahindi yakichelewa kuvuka Kasumbalesa, bei ya unga inapanda hapa siku ile ile, mama anapima bukari ya watoto kwa macho. Kila trakta inayokatwa huku njia ya Kasenga, huku Kipushi, huku Likasi, ni hekta ambazo hazitalimwa, na mwaka huu shamba la jirani yangu limejaa majani mpaka kiuno, analima kipande kidogo na jembe la mukono yeye na wanawe.

Kwa hiyo nawaomba wanaouza trakta zilizotumika: mwambieni mununuzi ndani ya mapine muko nini. Hakuna gharama kusema. Na wewe unayenunua, mbele ya kutoa makuta, zungusha gurudumu valvu ije juu kisha igeuze chini, bonyeza sindano na kijiti, macho yako yakiwa mbali, tone moja tu likitoka weka kwenye kipande cha chuma kisafi uache siku mbili. Kikiwa bado na unyevu na kutu imeanza, unajua ni ile chumvi, uliza bei ipungue na uitoe mbele haijaanza kula. Nawaomba pia wakubwa wa shule za ufundi hapa mjini waweke trakta moja ya zamani kwenye kiwanja chao, wafundishe vijana hii kazi ya valvu na janti, juu wanafundishwa motere sana na hiyo ni vizuri, lakini ile iliyokatwa motere yake ilikuwa nzima.

Mvua imekaribia, huku tumeanza kuona mawingu jioni. Gurudumu langu la kushoto bado lina mayi ya chumvi, niliacha kwa sababu valvu yake ilikuwa haijaanza kuvuja, na hilo nalo lilikuwa kosa. Jumatatu tunalitoa. Jirani yangu amesema atakuja kuangalia, na mutoto wa kwado ameshaleta pipa.

Ni mimi mama mukulima,
njia ya Kasenga, Lubumbashi